Gauni la Shangazi Maporomokoni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na katika chumba chake cha kushonea kuna sheria moja tu: hakuna kufumua. Pima vizuri, kata mara moja, shona uende zako. Mimi ndiye niliyeivunja sheria hiyo kuliko mafundi wake wote, basi akaniita Fumua, na jina likaganda. Siku hizi hata mama yangu mzazi akipiga simu humwulizia Fumua.

Kila mwaka sisi mafundi hukodi basi dogo, tukashinda kutwa nzima mlimani tukiogelea kwenye maporomoko ya maji. Shangazi haji. Mara kuna sare za shule, mara gauni la bibi harusi, mara cherehani inataka mafuta. Kisingizio hakosi. Ukweli ni kwamba maji anayaogopa, na papo hapo anayatamani. Tukirudi huuliza swali lile lile: "Hivi ukisimama chini yake, yanakupigaje?"

Mwaka huu magoti yalianza kumsumbua. Siku moja akatangaza, pini zikiwa bado mdomoni, "Safari hii nakuja. Nisiposimama chini ya maji yale mwaka huu, basi tena."

Gauni la kuogelea alijishonea mwenyewe. Lilipita magoti, kitambaa kizito cha kuzuia macho ya watu, na kwenye pindo akatia lastiki ya kubana miguu, maji yasije yakampandisha nguo hadharani. Nikamwambia lastiki hiyo imezidi. Akanitazama juu ya miwani.

"Tangu lini Fumua akanifundisha mimi pindo?"

Iliniuma.

Njia ya kupandia ilikuwa ya matope na mizizi, naye aligombana na kila jiwe. Tulipotokea penye maji, akaacha kugomba. Maji yalikuwa yakishuka kwa kishindo kutoka juu ya mwamba, yakiangukia kwenye bwawa la kijani, na ubaridi wake ulitufikia pale pale tulipokuwa. Shangazi akavua futi yake ya kupimia shingoni. Ndiyo, alikuja nayo, na sidhani kama alijua. Akaitumbukiza ukingoni, akasoma.

"Kiuno cha mtu mzima," akasema, "na nafasi ya pindo."

Mwenzetu anayeshona vifungo, ambaye maneno hayamwishi, akamchokoza: "Mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mimi sijayavulia," akajibu. "Nimeyashonea."

Akaingia. Hewa ikabaki ndani ya gauni, lastiki ikaifungia humo humo, na gauni likavimba kama puto. Miguu ikaachana na chini. Shangazi akawa anaelea, kichwa juu, mikono huku na huku.

"Naogelea! Mnaniona?"

Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Lakini kila alipopiga mikono kuyafuata maporomoko, mkondo ulimsukuma ukamrudisha kwetu. Mwanzoni alicheka na sisi. Baadaye hakucheka. Nikasogea karibu nikaona midomo inamtetemeka, na haikuwa baridi peke yake.

"Nirudi tu," akasema. "Nimeyaona. Inatosha."

Roho iliniuma. Hiyo "inatosha" yake naijua, ndiyo anayomwambia mteja aliyeleta kitambaa pungufu.

Akalitazama gauni lake. Kisha akanitazama mimi.

"Fumua."

"Abee, Shangazi."

"Sikuiti, nakuagiza! Fumua hili pindo."

Nilikimbilia mkasi mdogo kwenye mkoba wake, nikarudi, nikainama majini na kuutafuta mshono kwa vidole. Na mshono wa Shangazi ni mshono kweli, haukubali kirahisi! Nikakata uzi hapa, nikavuta pale, mpaka lastiki ikachomoka yote. Hewa ikatoka kwa mapovu, gauni likanywea, nyayo zake zikagusa mchanga.

"Nimekanyaga," akasema, na kunishika mkono kwa nguvu.

Tukaenda wawili. Maji yalipomshukia mabegani alipiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia nao, ukelele wa msichana. Akasimama hapo hapo, ameinua uso, anasema maneno chungu nzima, na kwa ule mngurumo sikupata hata moja. Nilifurahi hadi nikalia, na kwa bahati tulikuwa tumelowa sote.

Kwenye basi nilitoa sindano ili nilirudishie lile pindo. Akanipiga kikofi mkononi.

"Liache lilivyo."

Halafu akapitisha kidole pale nilipofumua, taratibu, anavyokagua kazi zetu zote.

"Kitambaa hujakigusa hata kidogo," akasema. "Kufumua vizuri namna hii umejifunzia wapi?"

"Kwako, Shangazi. Miaka yote hiyo ulidhani nafanya nini?"

Akacheka mpaka dereva akageuka kutuangalia.