Fiche yangu ilitangulia

Sisi tuliokulia Kampemba wakati computer ilikuwa moja kwa mutaa muzima, tunayua harufu yake: vumbi ya moto. Baba alikuwa na secrétariat mu chumba ya mbele, anaandikia bantu barua. Tukitoka kucheza nzango ao kula bukari, lazima kunawa mikono na sabuni mbele ya kugusa clavier, mabatani ya kuandikia. Ekrani nyeusi, hakuna picha, unaandika amri na vidole. Yaya Mado, dada yangu mukubwa, njo alinifundisha: cp kukopya, rm kufuta. Nasema ni yeye, ju bantu bengine bananisifu mimi.

Mwaka nilikuwa mu sita ya primaire, directeur wetu aliomba Baba aandike mu computer fiche za majina ya ba-candidats bote ba examen. Zilipashwa kufika ku inspection ya masomo mbele ya saa sita ya muchana. Fiche ikikosa, mutoto haandike examen. Nikasema nitatengeneza script, amri zenye zinafuatana zenyewe: ikopye fiche zote mu flash, kisha ifute dossier yenye zilikuwa ndani, ju nafasi mu mashini ilikuwa kidogo. Niliijaribu na fichiers tatu, karatasi za mu mashini, zenye niliita a, b na c. Ikatembea bila shida. Nikajivuna, sikatae.

Baba hakuyua amri hata moja. Aliniangalia, akasema: « Kama iko muzuri, ianze na fiche yako. »

Niliona ananionea. Nikaweka fiche yangu peke mu dossier, nikaanzisha script. Ekrani ikajibu mara tatu: hakuna fichier ya jina hiyo. Kwetu muntu iko na jina, postnom na prénom, na fiche iliitwa na yote tatu, na pengo katikati. Script ilikata yangu vipande tatu, haikukopya hata kimoja. Lakini mustari ya kufuta ilipita bila shida. Mu flash, hakuna kitu, bule. Mu mashini, bule.

Yaya Mado akauliza: « Ingénieur, uko wapi mu liste? »

Nikaandika fiche yangu upya na machozi. Yaya akanionyesha kufunga jina na guillemets, alama za nukuu huku na huku, ibakie nzima. Kufuta tu kama kopi imepita, hiyo nafikiri niliwaza mimi, lakini pengine ni yeye pia. Yangu ikatangulia tena. Ikafika. Njo tukatuma zote, kila jina inajiandika ku ekrani ikipita, na Yaya anasoma liste ya karatasi. Hakuna mutoto alikosa. Baba akavaa veste, akapeleka flash mwenyewe. Directeur alimuuliza nani alifanya. Alijibu ni mabinti yake wawili.

Batoto yangu leo banagusa na kidole kimoja. Ukibauliza fichier iko wapi, banasema iko mu téléphone, sawa vile téléphone ni pori. Nisibaonee: banatengeneza vidéo zenye mimi sitaweza hata siku moja. Lakini kitu chao kinaenda na habakione kikienda. Sisi tulisimama mbele ya ekrani, tukaangalia majina ya barafiki yetu ikipita moja moja, nzima, mupaka ya mwisho.