Nilimtafsiria Dereva Wetu Uongo Ili Akimbie

Assalaam alaikum admini, na nyinyi mtakaosoma. Jina langu lifiche. La dereva nimelibadilisha mwenyewe.

Nna miaka thelathini na sita, mwanamume, nimezaliwa hapa hapa Maskati. Wazee wangu wametoka Unguja na nyumbani kwetu ni Kiswahili. Mimi na mama tunakaa kwa dada yangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Mume wa dada ni mtu wa huku huku, Kiswahili hakijui. Kazi ninayofanya kanitafutia yeye, na haupiti mwezi hajanikumbusha mbele za watu.

Dereva wetu, nimwite Juma, ni mtu wa Tanga, anakaribia miaka hamsini. Kiarabu chake kilikuwa cha njiani tu: kulia, kushoto, ngoja. Mama alimpenda kwa sababu alipata mtu wa kuzungumza naye wengine wakiwa makazini, na chakula chake akimpakulia kwa mkono wake. Juma ana chuma kwenye mguu wa kulia, aliwahi kuanguka na pikipiki kwao. Kovu alinionesha mwenyewe. Kwa hiyo msije mkadhani sikujua.

Shemegi alisoma Marekani, akarudi na mapenzi ya besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo. Ijumaa moja baada ya sala tulikula, mama akaenda kujinyoosha, sisi tukabaki majlis, chumba cha wageni, kutazama mechi ya Japani: mimi, shemegi na mdogo wake Khalfani. Mwishoni, timu ya shemegi ikiwa nyuma kwa pointi moja, mpigaji wao akaupeleka mpira mbali. Mwenzao aliyekuwa kituo cha pili akatoka mbio, akafika cha tatu, anataka kuendelea mpaka kituo cha mwisho apate pointi, mwalimu akamnyooshea mikono asimame. Akasimama. Aliyefuata akashindwa kupiga, na mechi ikaisha wamefungwa.

Shemegi akasema yule mwalimu mpumbavu, mtu angefika. Khalfani akasema angetolewa, mpira ungemtangulia kituoni. Wakabishana, wanarudisha picha nyuma, wanabishana tena. Mimi nilikuwa upande wa shemegi, kama kawaida yangu. Mwisho shemegi akasema hata dereva wetu angefika pale. Khalfani akacheka, akasema haya, aitwe tumwone.

Juma aliitwa akiwa bado anakula. Nyuma ya nyumba pana kiwanja kitupu. Shemegi akapima kwa hatua, akaweka mito ya makochi kuwa ndiyo vituo. Yeye atarusha mpira, Khalfani audake kwenye mto wa mwisho. Nikamweleza Juma anachotakiwa. Akaniangalia, akanambia taratibu, "Kaka, mguu huu hauwezi mbio. Waambie kwa uzuri."

Shemegi akaniuliza anasema nini.

Nikamjibu kwa Kiarabu, "Anasema yuko tayari."

Kisha nikamgeukia Juma nikamwambia wameng'ang'ania, akimbie mara moja tu waridhike. Akavua makubadhi, akasimama pekupeku kwenye mchanga wa mwezi wa sita, saa tisa mchana.

Alikimbia akafika. Khalfani akasema kaka yake karusha mpira kivivu makusudi, hiyo haihesabiki. Wakabadilishana nafasi. Mara ya pili mpira ukamtangulia, shemegi akasema Juma hakuanza vizuri. Mara ya tatu alikuwa anachechemea na wao wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nawarekodi kwa simu, na kusema kweli nilikuwa na raha, maana siku ile hawakunicheka mimi.

Mara ya nne shemegi alisimama mbele ya mto wa mwisho kumzuia. Juma akajaribu kumkwepa, mguu ukakunjika chini yake. Tuliusikia ulivyovunjika. Alianguka kanyoosha mkono, na wale ndugu wawili wakaanza kubishana kama kidole chake kimegusa mto kabla ya mpira. Wakaniomba simu. Nikawapa. Tuliitazama ile video mara tatu, polepole, na Juma yuko miguuni petu anamwita mama yangu.

Njiani kwenda hospitali shemegi akanambia niifute video, na niseme kaanguka kwenye ngazi akibeba sanduku. Nilifuta. Daktari nikamwambia hivyo hivyo. Akataka nimuulize mgonjwa mwenyewe kama ndivyo ilivyokuwa. Nikamgeukia Juma nikamuuliza, "Anataka kujua, unaumwa sana?"

Juma akamtazama daktari, akaitikia kwa kichwa. Daktari akaandika.

Mama naye tulimwambia ni ngazi. Baada ya wiki tano za hospitali Juma alirudishwa kwao bila kupita nyumbani, kwa kuwa dereva asiyeweza kukanyaga breki hana kazi. Leo anatembelea magongo. Mwezi uliopita alimpigia mama simu kumsalimia, na katika mazungumzo akamsimulia ilivyokuwa, nami nikiwemo. Mama akaniita, akaniuliza simu ikiwa bado mkononi. Nikamwambia kaanguka kwenye ngazi, muulize shemegi.

Mama akarudi kwenye simu. Alisema, "Juma, nimekulisha kwa mkono wangu, leo unanisingizia mwanangu?" Akakata. Tangu siku hiyo hataki jina lake litajwe ndani ya nyumba.

Juma hakunitukana. Alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma wanasikika watoto wake. "Kaka, mguu nimemwachia Mungu. Lakini mwambie mama mimi si mwongo."

Nilimweleza shemegi kwamba nataka kusema kweli. Akanijibu nikifungua mdomo nitafute kazi nyengine na paa jengine, mimi na mama yangu. Dada ana mimba ya miezi minane, hajui lolote. Mama ana presha, na ananisifu kwa wageni kwamba mwanawe hajawahi kumdanganya.

Najua mtanitukana, tukaneni. Lakini mkishamaliza nambieni: nimweleze mama, aujue huu uongo hata kama tutatolewa nje, au ninyamaze Juma abaki mwongo mpaka mmoja wao afe? Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?