Kinga Ilikuwa Mdomoni

Jumapili. Tangu asubuhi upepo wa vumbi. Mawingu yamepita bila kudondosha hata tone.

Mwanangu, upepo kama huu hunirudisha kijijini Itetemia, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa kijana. Rafiki yangu Sefu, fundi cherehani, alikuwa ameachiwa na mwalimu mmoja mgeni ndege ndogo yenye injini, ambayo mtu huiongoza akiwa chini kwa kisanduku cha redio. Tuliirusha kwa zamu, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa karanga.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Betri za kisanduku zilikuwa zimechoka, na dukani hazipatikani. Nikafanya kama tulivyofanya sote na betri za redio za nyumbani: nikazianika juani, kando ya mihogo. Nilipozirudisha, taa ikawaka vizuri tu.

"Betri vipi?" Sefu akauliza.

"Ziko sawa."

"Haya rubani, usituangushie ndege kwenye sufuria za watu!"

Sikumwambia nimezianika. Niliogopa angeahirisha.

Ikapanda, ikazunguka mara mbili. Mara ya tatu haikusikia tena. Nilivuta kijiti mpaka kidole kikauma, nayo inatujia tu. Labda upepo nao ulichangia, sina hakika. Na kwa haki, Sefu alisimama karibu mno. Lakini nami sikumwambia asogee. Pangaboi lake, lile linalozunguka mbele, likampiga Sefu jicho la kulia.

Hospitali hawakuweza kuliokoa. Akajaribu kurudi kazini. Uzi ukawa unapita kando ya tundu la sindano. Cherehani akaiacha.

Baba yake, Mzee Maulidi, alikuja barazani kwetu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, hakuwa mtu wa kumnyima mtu salamu.

"Betri ya redio ikikufia, umekosa taarifa ya habari," akasema. "Ile ilikufia juu ya kichwa cha mwanangu. Ulijua zimechoka?"

"Nilijua, mzee."

"Basi usiniambie ajali haina kinga. Kinga ilikuwa mdomoni mwako."

Sefu alinisamehe. Kama nilistahili, sijui mpaka leo.

Shule yangu ni ndogo, mwanangu, lakini hili nalijua. Ukishika kitu kinachoweza kumwangukia mwenzako, mtajie ubovu wake wote kabla hujakiachia, hata kama kazi italala. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, akaumbuka mwenzangu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na macho yako yote mawili mpaka uzeeni.

Jioni tumekula ugali na mlenda. Wangu umebaki sahanini, sikuwa na hamu.