Ngome Tuliyoijenga Kabasa

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja nilipoanza kuchezea vitofali vya plastiki, na sikuona haya mpaka watu waliponifundisha kuona haya. Kazi yangu ni ya maabara katika shule moja ya sekondari hapa Musoma. Naosha chupa, napima kemikali, nawaandalia wanafunzi mitihani ya vitendo. Siku moja sokoni nilikuwa nachambua blauzi kwenye robota la mitumba, mkono ukagusa mfuko mgumu. Ndani mlikuwa na vitofali vidogo vya rangi rangi, vile vya kupachika kimoja juu ya kingine. Muuzaji alidhani nina mtoto. Sikuwa naye, na sina. Nikavipeleka nyumbani, nikaviosha kwa sabuni ya unga, nikakaa sakafuni nikajenga nyumba yenye madirisha mawili. Nilipoinuka jua lilikuwa limezama, na sikuwa nimekula wala kumfikiria mtu yeyote. Kwa mtu aliyekuwa ametoka kumzika mama yake kijijini Mugango miezi miwili nyuma, hiyo ilikuwa dawa.

Baadaye niligundua kwamba hatuko wachache. Kuna kundi kwenye simu, watu wazima watupu, wa Dar, Arusha, Nairobi, Kampala. Wanatuma picha za minara, treni, meli walizojenga, na wanagombana juu ya rangi kama watu wengine wanavyogombana juu ya mpira. Humo ndimo nilimokutana na wawili wa mkoa wetu. Mmoja alikuwa muuguzi wa zahanati huko Butiama, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye wagonjwa wote walimwita daktari na sisi tukafuata. Wa pili alikuwa fundi seremala wa Kabasa, Bunda, mzee wa miaka sitini na tatu, kofia kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Yeye alianza na vitofali alivyovisahau mteja kwenye droo ya kabati lililoletwa kutengenezwa. Mteja hakurudi kuviulizia.

Tukawa tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye karakana ya fundi. Mimi nilibeba dagaa au sato wa kukaanga kutoka soko la Mwigobero, daktari akaleta ndizi, mke wa fundi akatutengea chai ya tangawizi. Tulimwaga vitofali vyetu vyote kwenye meza moja ya mninga, tukajenga. Mke wa fundi alikuwa anapita akitikisa kichwa, "Watu wazima hawa, Mungu wangu." Lakini alituachia meza.

Halafu ikaja ile habari ya toleo jipya.

Ilikuwa Jumamosi, tuko watatu mezani. Simu zikaanza kulia. Mtu huko ughaibuni alikuwa amevujisha picha. Kampuni kubwa ya vitofali inatoa mfululizo mzima wa mambo ya hadithi za kale: ngome ya kijivu yenye minara mitano, joka lenye mabawa, majitu ya mawe, mzee wa uganga mwenye kofia ndefu, msitu wenye miti inayotembea. Utaingia madukani mwisho wa mwaka. Sisi tuliojenga nyumba, malori na mitumbwi kwa kukosa kitu kingine, hatukuwahi kuona kitu kama kile.

Kundi likawaka moto. Mtu wa Arusha aliandika kwamba amelia ofisini na bosi wake amemuuliza kama amefiwa. Mtu wa Nairobi akasema ngome ni ndogo, nyuma iko wazi, ni ukuta wa mbele tu wa kudanganyia watu. Mwingine akachukia mabawa ya joka kwa sababu ni ya kitambaa. "Kama ningetaka kitambaa ningekuwa fundi cherehani," aliandika. Mwanamke mmoja wa Dar alisema hivi ni vya watoto, tuache kelele. Akajibiwa na watu kumi na tatu kwa mpigo.

Daktari alikuwa anasoma kwa sauti, anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekuza picha ya mnara, nahesabu madirisha. Fundi peke yake hakuwa ameshika simu. Mikono yake ilikuwa mezani, imetulia.

"Mwalimu," aliniita. Alikuwaga ananiita hivyo ingawa sifundishi. "Lango linafungukaje?"

"Si ulione mwenyewe, fundi. Hili hapa."

Nikamsogezea simu. Aliishika, akaielekeza huku na huku kama mtu anayetafuta mtandao, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka pembeni. Kisha akanirudishia.

"Niambie wewe. Lina bawaba pembeni, au linashuka kwa mnyororo?"

"Linashuka kwa mnyororo."

"Ahaa," alisema, akatabasamu. "Hapo wamefanya kazi."

Daktari alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilirudi Musoma jioni ile nikijiambia kwamba mzee amesahau miwani. Nilikuwa nimemwona mara kadhaa akijigonga begani kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, mlango alioutengeneza kwa mikono yake, na kila mara nilijiambia kitu cha namna hiyo.

Mwezi uliofuata niliwahi kufika, daktari akiwa bado njiani. Nilimkuta fundi amekaa kwenye kigoda, msumeno umetundikwa, mashine ya kuranda imefunikwa turubai. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia kabla sijaketi.

"Ni presha ya macho, mwalimu. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

"Umeenda hospitali?"

"Nimeenda mpaka Mwanza. Wamesema kilichokufa hakifufuki. Wamenipa matone ya kushikilia kilichobaki, lakini kilichobaki kidogo." Kisha akauliza: "Ile ngome inatoka lini?"

"Mwisho wa mwaka."

Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, akitumia kidole gumba kugusa vingine. Hakuniambia amepata ngapi.

Kuanzia siku ile nilishikwa na wazimu ambao mpaka leo sijui niuiteje. Niliamini kabisa kwamba mzee yule akiiona ngome ile kwa macho yake, hata kwa dakika moja, kitu fulani kitakuwa kimelipwa. Niliandika kwenye kundi, nikawaandikia watu mmoja mmoja. Kuna mtu anayejua mtu kiwandani? Kuna mtu wa Ulaya anayeweza kuipata mapema? Mtu wa Nairobi alinijibu kwa upole kwamba hata wao wataipata miezi kadhaa baada ya wengine, wakibahatika. Mwanamke wa Dar aliniuliza, "Dada, uko sawa?" Sikuwa sawa. Maabara nilimpa mwanafunzi chupa ya asidi badala ya maji, mwalimu wa zamu akaiwahi.

Nikaenda Butiama kumwona daktari kazini. Nilimkuta nje ya zahanati amekaa kwenye benchi, anakula muhogo. Nikamwambia nimeamua: tuijenge ngome wenyewe kutoka kwenye picha, kwa vitofali tulivyonavyo, sasa hivi, kabla bomba halijaziba.

Hakuonyesha kushangaa hata kidogo, ndipo nikaelewa.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Mwaka na nusu. Matone anachukuaga kwangu. Alinikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utaanza kumshika mkono akivuka kizingiti. Alitaka sehemu moja tu duniani ambako hashikwi mkono." Akaweka muhogo pembeni. "Sasa wewe unataka kumjengea ngome. Dada yangu, ile plastiki haitibu kitu. Miezi sita iliyopita ningekusikiliza kama ungeniambia tumbembeleze afanyiwe upasuaji. Alikataa, mimi nilimwomba peke yangu. Ungekuwa umefungua macho, tungekuwa wawili."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia yeye ndiye mwenye cheti, yeye ndiye aliyenyamaza, asinitupie mimi mzigo. Mgonjwa mmoja mama mtu mzima alisimama mlangoni akatutazama, sisi tukinyoosheana vidole. Niliondoka bila kuaga. Lakini Jumamosi daktari alikuja Kabasa na mfuko wake wa vitofali vya kijivu, vyote alivyokuwa navyo, na akaviweka mezani.

Tulijenga kwa Jumamosi saba mfululizo. Vitofali vya kijivu havikutosha hata nusu, tukachanganya vyeusi, kisha vya kahawia, kisha tukafika mahali pa kutumia chochote. Fundi alichonga vilivyokosekana kwa mbao za mvule, kinundu kwa kinundu, kwa kupapasa. Vilikuwa vizuri kupita vya kiwandani. Lakini havikushika. Mbao haina ule ulaini unaobana. Siku ya kwanza vilikaa, Jumamosi iliyofuata vilikuwa vimelegea na mnara umeinama kama mlevi. Tukatoa, tukarudishia. Alichonga vingine vinene zaidi, vikapasua plastiki. Nilimwona akiuma mdomo wa chini. Hakuwa mtu wa kushindwa na mbao.

Kazi ya lango aliifanya mwenyewe. Mnyororo tuliutoa kwenye mkufu wangu wa zamani. Nilikuwa nakaa kulia kwake nikimpa vipande, na alikuwa anaviweka bila kuuliza rangi, kwa sababu tulikubaliana fremu ya lango iwe ya kijivu tupu. Jumamosi ya sita aliokota kitofali mwenyewe kwenye sinia la vipande, akapachika. Kilikuwa chekundu. Kimoja tu, katikati ya upinde, kama jino linalovuja damu. Nikangoja ageuke kunywa chai. Nikakibandua polepole, nikaweka cha kijivu. Kikalia, ta.

Fundi akaweka kikombe chini.

"Umebadilisha."

"Hapana, fundi. Nimekaza tu."

"Mwalimu. Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Najua mlio wa kukaza na mlio wa kuweka upya." Sauti haikupanda. "Kilikuwa rangi gani?"

Nikakifumba kiganjani. Daktari ndiye aliyejibu. "Chekundu, mzee."

Fundi alisukuma kikombe pembeni. Kutoka msikitini kulikuja adhana ya alasiri, akanyanyuka kwenda kuswali, akajigonga begani kwenye fremu ya mlango, na safari hii hakujifanya hakujigonga. Alisimama pale, ameegemeza paji la uso kwenye mbao, mabega yanatetemeka. Mke wake alitoka jikoni akamshika. Sisi wawili tulibaki tumekaa mbele ya ngome yetu kama watoto waliovunja kitu cha watu.

Jumamosi ya saba tuliimaliza. Ilikuwa mbaya. Minara mitatu badala ya mitano, rangi za mchanganyiko, joka hakuna. Daktari alimulika tochi ya simu juu ya lango ili fundi aone kupitia lile tundu lake dogo. Aliinama, akasogeza kichwa juu chini, kushoto kulia, akiikusanya kipande kipande. Nilimtazama usoni nikitafuta kile kitu nilichodhani kitalipwa.

"Nimeona ukuta," alisema hatimaye. "Na mnyororo. Kuna kingine?"

"Ni hivyo tu, mzee," daktari alisema.

"Basi nimeona." Akainuka. "Asanteni. Lakini msinifanyie tena kitu kama hiki. Mnajenga huku mnaniangalia mimi, hamuangalii kazi. Ndiyo maana imepinda."

Toleo lenyewe lilitoka kweli mwisho wa mwaka. Kundi lilijaa picha za maboksi. Mtu wa Arusha alipata joka, akasema mabawa ya kitambaa si mabaya kama tulivyodhani. Mtu wa Nairobi bado analalamika kuhusu nyuma iliyo wazi. Nilisoma yote nikiwa nimekaa stoo ya maabara, mlango nimefunga, na nililia kama nilivyolia Mugango kwenye msiba wa mama. Wakati huo fundi alikuwa haoni tena isipokuwa kama dirisha liko wazi au limefungwa.

Nilimpigia. Nilitaka kumficha, nikakumbuka kitofali chekundu, nikamwambia imetoka.

"Wanasemaje watu?"

Nikamsomea. Alicheka kwa yule wa kitambaa. Akauliza kama lango la kweli linashuka vizuri, nikamwambia wengi wanasema linakwama.

"Linakwama?" Nikamsikia akimgeukia mkewe, "Wanasema la kiwandani linakwama." Kisha akarudi kwangu. "Mnyororo wao mfupi. Ningewaambia."

Huwa nakwenda bado Kabasa. Daktari naye anakuja, tunasalimiana, tunakaa mbali kidogo. Yale maneno ya Butiama hayajafutika. Fundi anajenga kuta tu sasa, ndefu, zilizonyooka kuliko zangu, rangi zozote zinazomjia mkononi. Ametukataza kumwambia ni rangi gani. Mimi nampa sinia, narudi kwenye nafasi yangu, na najitahidi kuangalia kazi yangu. Siku nyingi siwezi.