Ukoko wa Ugali Mbele ya Wakwe

Leo nimebakiza kidogo nivunje harusi ya binti yangu, sababu ya ukoko wa ugali.

Wakwe walikuja hapa kwangu Busanza. Binti yangu Zawadi alipika wali na kuku. Mimi nikasonga ugali, na maji ya maharage pembeni. Ugali mimi najua, Kigali yote hakuna mutu ananishinda, hata wanawake wanajua.

Zawadi akaninong'oneza, "Papa, tafadhali, hiyo sufuria ya ukoko usiitoe."

Nikaitoa. Nikaiweka katikati ya meza, nyeusi vile iko.

Baba ya kijana, mutu wa tai na saa kubwa, akaiangalia. Akasukuma sahani ya kuku. Akasimama.

Zawadi akashika mdomo. Nikasema basi, harusi imekwenda.

Kumbe anaenda kunawa mikono!

Akarudi, akakunja shati. "Kwetu maharage yalikuwa ya baba. Sisi watoto tulipewa maji yake na ukoko. Bamwana, mukwe mwenzangu, huo ukoko ni wangu."

Wake! Ndani ya nyumba yangu! Na mimi nilikuzwa na hiyo hiyo!

Tukashika sufuria wote wawili. Hakuna aliyecheka.

"Papa," Zawadi akasema, machozi iko karibu, "mupe."

Nyinyi mungeachia? Semeni hapa, musinifiche.

Mimi nikauvunja. Nikampa kipande.

Harusi iko.

Lakini kipande kikubwa nilikula mimi.