Mkia wa Wingu, Mau Narok

Sijui kutulia. Nikiwa kanisani mjini Nakuru nikipiga video ya harusi, kazi inayonilisha, jicho moja liko kwa bibi harusi na lingine liko dirishani. Wingu likianza kujikunja upande wa Menengai, miguu inaniwasha. Nimewahi kumwachia mwenzangu kamera keki haijakatwa, na yule bwana harusi hajanisalimia hadi leo.

Ninachofukuza ni upepo unaozunguka. Kiangazi huwa ni vumbi tu linalotembea mashambani likibeba maganda ya mahindi. Lakini mara chache sana wingu zito hushusha mkia, mkia huo ukazunguka juu ya mashamba. Niliutafuta miaka sita kwa pikipiki, na kila mara nilifika umeshapotea.

Mama yangu anaishi peke yake Rongai. Kila akivuna humwaga mahindi juani juu ya maturubai uani, na kuyakusanya tena humchukua karibu saa nzima, kwa debe na mgongo wake mwenyewe. Kwa hiyo alinifanya mtabiri wake. Alisema kama nashinda nikitazama mawingu, basi angalau yamfae mtu. Alikuwa akinipigia simu na swali moja tu, aanike au afunike. Majirani nao wakazoea kuchungulia ua wake kabla ya kuanika yao. Nilijivuna, sifichi.

Siku hiyo nilikuwa Mau Narok, kando ya shamba la ngano iliyokomaa, bonde lote hadi Rongai likiwa nyuma yangu. Mbele, upande wa kusini kuelekea Narok, wingu jeusi lilianza kuteremsha kitu chembamba. Nilifunga kamera kwenye stendi. Ngano ililala upande huu, kisha upande ule, na mkia ukashuka, ukajikunja, ukashuka tena. Nililia kwa furaha kama mtoto.

Simu ikalia. Alikuwa mama na swali lake. Nilimjibu bila kuondoa macho mbele, nikakata. Kugeuza shingo tu kungetosha.

Mkia ulipoyeyuka ndipo nikageuka. Bonde lilikuwa limefungwa, Rongai haionekani, mvua imesimama pale kama ukuta. Nikampigia mama, hakushika. Nilishuka ule mteremko kwa kasi ya kipumbavu.

Nilimkuta ameketi juu ya debe lililopinduliwa, leso imemganda mabegani. Mahindi yalikuwa yanaelea kwenye maturubai, na mengine maji yalikuwa yameyapitisha langoni. Kwa majirani wawili hali ilikuwa ile ile. Hakunigombeza. Aliniuliza kama niliona nilichokuwa nikitafuta. Nikasema ndiyo. Akasema nimwonyeshe.

Tulitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, vichwa vikikaribiana. Mkia uliposhuka aliguna kwa mshangao, na kwa muda nikasahau mahindi. Kisha, juu ya kelele za upepo, ikasikika sauti yangu, tulivu, ya mtu anayejua kazi yake.

“Anika tu, mum. Nimeangalia kote. Mvua yote inaenda Narok.”

Niliizima. Yeye aliinuka, akachukua debe, akaanza kuchota.

Mengi ya mahindi yale yaliota ukungu, tukayachoma. Watu wameniomba sana ile video, sijaitoa. Ningeweza kuiondoa sauti, ni kazi ya dakika moja, na nimeketi kuifanya mara nyingi. Nikifika pale kwenye sauti yangu naona aibu, nafunga kompyuta, natoka nje kutazama juu.

Bado nazurura. Msimu huu, mama alipovuna tena, nilikuwa Dundori jua likiwaka, hakuna wingu hata moja toka pale hadi Mau. Safari hii niligeuka pande zote nne. Hakuwa amenipigia, kwa hiyo nikampigia mimi, nikamwambia leo ni siku nzuri ya kuanika.

“Asante, mwanangu,” akasema. “Nimeshafunika.”