Tangi Tupu Kwanza

Jina la Mama Mizani alipewa na wenye maduka. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na chumba cha mbele alichokigeuza karakana, meza ndefu, taa ya kuinamisha, na sanduku la mawe ya kupimia aliyoyashika kwa kibano ili jasho la vidole lisiyaongezee uzito. Mizani ya nyama, ya misumari, ya dhahabu, yote ilipita mikononi mwake. Mlangoni palining'inia daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila mteja, awe nani, aliandika kwa mkono wake jina, kitu alicholeta, na tatizo. Safu hiyo ya tatu ilimpa raha sana. "Mizani inadanganya," aliwahi kuandika mwuza nyama mmoja, na Mama Mizani akacheka peke yake mchana kutwa, maana kati ya wawili hao alimjua mwongo ni yupi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuligusa daftari lile. Huyo ni kaka yake, na yeye alipitia mlango wa jikoni.

Kaka mtu alikuwa mwalimu wa udereva, na kustaafu kulimharibu. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye kiti cha abiria akiwafokea watu wazima. Alipokosa wa kumfokea, akanunua ndege. Si ya kupanda, jamani, wala msimwonee wivu. Ilikuwa jeti ya kuongozwa kwa rimoti, ndefu kama kitanda cha mtoto, yenye injini ya kweli inayokunywa mafuta ya taa na kupiga kelele ya kuamsha wafu. Akanunua pia miwani myeusi na kofia. Kule kiwanjani wakambandika jina la Rubani, naye, masikini, akadhani anasifiwa.

Ndege yenyewe ilimkataa katakata. Alipotaka ijiviringe polepole, ilishtuka kama mtu aliyechomwa sindano. Mara mbili alifanya mtihani wa kupata kibali cha kuirusha mbele ya watazamaji, na mara mbili msimamizi wa kilabu, fundi wa zamani wa ndege za abiria, mtu wa maneno ya kuhesabu, alimtikisia kichwa. Sheria ya kilabu ilimruhusu mara tatu, basi. Akianguka tena, ataishia kubeba viti vya wenzake.

Ndipo akaingia jikoni kwa dada yake, ndege kwapani.

"Dada, hebu nishikie mkia niitazame hii takataka."

"Ina tatizo gani?"

"Haina adabu. Nishikie tu, usiulize mambo ya watu."

Mama Mizani aliushika mkia, na vidole vyake vikajua kabla ya kichwa. Kibawa cha nyuma kilicheza juu na chini ilhali mota inayokisukuma imetulia tuli. Tundu la kifimbo kinachokiunganisha na mota lilikuwa limelika likawa pana.

"Kaka, hapa pamelegea."

"Hapo? Hapo ni kawaida."

Kawaida! Mwuza nyama naye alisema hivyo hivyo. Akamwambia kaka yake aende akanywe chai, akaibeba ndege mpaka karakana.

Ilimchukua Jumamosi mbili. Alibadilisha kifimbo, akakaza kila kiungo mpaka kisicheze. Akafungua rimoti akakuta vituko. Bwana mkubwa alikuwa ameviachia vibawa vya kuongozea vicheze mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha ndege ilipomtia kiwewe akakilainisha kijiti cha kuongozea mpaka kikawa hakifanyi kitu nusu ya njia, halafu kinafanya yote kwa mpigo. Mama Mizani alipunguza mwendo wa vibawa, akakirudishia kijiti uhai wake, akaacha ulaini kidogo tu pale katikati. Mwisho akaiweka ndege juu ya vigingi viwili, kila kimoja chini ya alama ya bawa lake, apime kama pua na mkia vinalingana.

"Umesahau mafuta," alisema kaka mtu kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Mimi hupima tangi likiwa limejaa."

"Kwa nini?"

"Kwani inaruka bila mafuta?" Akacheka kile kicheko chake cha darasani.

"Hairuki. Lakini inatua karibu bila mafuta."

Akamwonyesha. Tangi lilikuwa mbele ya vigingi. Ukipima limejaa, mafuta ndiyo yanayoivuta pua chini. Yakiungua, pua inabaki nyepesi, mkia unalemea, na ndege inaanza wazimu pale pale mtu anapotaka kuishusha. Mizani yoyote hupimwa sahani ikiwa tupu, hata mtoto wa dukani anajua. Akalikausha tangi, na kweli mkia ukazama. Akatia puani kipande cha risasi, ile ya wavuvi wa nyavu, gramu tisini, mpaka ndege ikalala sawa. Risasi ni laini. Kabla ya kuitia alikuwa ameiandika kwa ncha ya msumari: *90. Tangi tupu kwanza.*

Jumatano wakaenda kuijaribu. Ndege ikajiviringa polepole, ikapiga kitanzi cha duara safi, ikatua pasipo kishindo. Mama Mizani alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Mwanachama mmoja alikuja mbio kuuliza imekuwaje.

"Vidole," alisema Rubani, akivionyesha vyote kumi. "Huyu ni dada yangu, hunishikia mkia."

Njiani kurudi Mama Mizani alijiambia kwamba hajali. Uongo mtupu. Alitaka sentensi moja tu kutoka kwenye kile kinywa kisichochoka: dada yangu ndiye aliyeitengeneza. Sasa aliungoja mtihani kuliko hata mtahiniwa. Akifaulu mbele ya watu wote, hawezi kukosa kuisema.

Siku ya mtihani watu walijipanga nyuma ya kamba. Msimamizi alikuwa mwisho wa kiwanja na ndege ya mtu mwingine. Rubani akaunga mabawa, akajaza tangi, na alipoona watazamaji wanamtazama akashikwa na ugonjwa wake wa ualimu. Akatoa vigingi. Akaipandisha ndege juu yake, na pua, kwa mzigo wa mafuta, ikainama.

"Mnaona? Pua nzito," aliwatangazia. Akafungua kifuniko cha pua.

"Kaka!" Mama Mizani aliita kutoka nyuma ya kamba. "Tangi tupu kwanza! Usiguse hiyo!"

Alimsikia. Mkono ulisimama, macho yakaenda kwa dada yake, yakarudi kwa watu. Akaichomoa risasi, akaitupa juu ya meza.

Msimamizi akaja, ndege ikapaa. Dakika nne za kwanza zilipendeza, na watu wakapiga makofi. Ya tano, mafuta yakiwa yamepungua, pua ikaanza kunusanusa huku na huku. Alipoiviringisha mara ya mwisho ikashtuka kama zamani. Alipoishusha ikainua pua, ikasimama hewani kidogo, ikakaa chini kwa mkia. Bawa moja likavunjika.

"Upepo," alisema Rubani. Bendera ya kiwanja ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake.

Msimamizi hakubisha. Aliiokota ile risasi, akaisoma, akaisoma tena. "Aliyeandika hapa ni nani?"

Mama Mizani alimtazama kaka yake. Hata wakati ule, neno moja tu, dada, na angeyasamehe yote.

"Sijui," kaka yake alisema. "Fundi fulani wa sokoni."

Basi akapita chini ya kamba. "Ni mimi," alimwambia msimamizi, akachukua risasi yake, akaitia mkobani, akaenda zake.

Wiki ya tatu baada ya mtihani mlango wa jikoni uligongwa. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baadaye kaka mtu akatokea mlango wa mbele, ndege imefungwa kwenye shuka, akapanga foleni nyuma ya mwuza samaki.

"Dada, msimamizi kanionea huruma, kanipa nafasi moja zaidi. Hebu..."

"Andika kwenye daftari."

Akacheka. Dada yake hakucheka. Kaka mtu akaishika kalamu yenye uzi, akaandika jina, akaandika *ndege*, na katika safu ya tatu, kwa mwandiko mzuri wa kiualimu, akaandika *upepo*.

Mama Mizani alisoma, akaikata ile *upepo* kwa mstari mmoja, akamrudishia kalamu.

"Andika tena, kaka," alisema. "Na uandike upesi, wateja wanasubiri."